Prosesa Niliyoipokea kwa Mikono Miwili

Najua ukisikia jina la Sumbawanga unaanza kutabasamu. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nimezunguka nchi hii tangu nilipoacha shule kidato cha pili, nimelala kwenye maghala, juu ya malori na ndani ya vibanda vya mafundi redio, na kila nilikokwenda, mtu akitaka kuchekesha wenzake alitoa hadithi ya Sumbawanga: radi mchana kweupe, mtu aliyelala kitandani akaamkia juu ya paa. Nilicheka pamoja nao. Lakini hili ninalokueleza sikuhadithiwa na mtu. Lilinipata mimi, saa saba mchana, jua linawaka, kichwa changu kizima, sijaonja hata togwa. Ukitaka kucheka cheka sasa, kisha unisikilize.

Nilipanda huku juu mwezi wa sita nikitokea Mtowisa, bondeni kwenye Ziwa Rukwa, ambako nilikuwa nimekaa karibu mwaka nikitengeneza simu na sola za wafugaji. Nilikuja juu ya lori la mchele kwa sababu moja tu: nilichoka kuitazama ile milima kwa chini nikijiuliza juu yake kuna nini. Ndivyo nilivyo. Sijawahi kukaa mahali hadi mbwa wa jirani akaacha kunibwekea. Nikapanga chumba mtaa wa Izia, Sumbawanga, nikanunua sweta la mtumba siku hiyo hiyo, maana baridi ya nyanda hizi za Ufipa haina mzaha, na kesho yake nikaanza kutembea na mkoba wangu wa bisibisi duka hadi duka, nikiuliza nani ana kitu kibovu.

Mtaa wa Chanji nikamkuta Mama Yusta kwenye steshenari yake, mama wa makamo, amejitanda khanga mbili juu ya sweta. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Fundi wa nini wewe?"

"Wa chochote chenye umeme, mama."

"Hata pasi?"

"Hata pasi."

"Hata wanaume?"

"Hao hawana spea, mama."

Akacheka, akanipa kigoda. Kazi nikawa nimeipata.

Alikuwa na kompyuta moja ya mezani, ya zamani, zile zinazofungwa kiwandani moja kwa moja na kuuzwa maofisini, kisha zikichakaa huko zinatufikia sisi. Alikuwa ameinunua marehemu mumewe. Mashine ilikuwa nzima ila nzito. Kijana anakuja kuomba nafasi ya chuo, anabonyeza, anasubiri, anapiga miayo, anaondoka kwenda kwa jirani. Mdogo wake Mama Yusta aliyeko Dar akamtumia prosesa nyingine yenye nguvu zaidi, imetumika lakini nzima, imefungwa ndani ya katoni ya sabuni na kuletwa na basi. Prosesa, kama hujawahi kuiona, ni kipande kidogo kama biskuti, na ndicho kinachofikiri ndani ya kompyuta. Kinabadilishwa. Nilikuwa nimeshabadilisha mbili huko bondeni, tena bila jasho. Au tuseme na jasho, maana Mtowisa ni joto.

Lakini huyu mama hakutaka kasi kwa starehe. Kile chumba cha duka kilijengwa kwenye kiwanja cha ukoo wa mumewe. Mume alifariki mwaka uliotangulia, na shemeji yake, Baba Festo, alikitaka chumba auzie mbolea na mbegu. Ukoo ulikaa ukasema mjane aendelee kukitumia maadamu kazi inakwenda. Sasa Baba Festo alikuwa akisema kazi haiendi, na ametoa taarifa kwamba Jumamosi saa tisa alasiri atakuja kujionea mwenyewe. Mashine ikishindwa mbele yake, Mama Yusta afungashe arudi kijijini alime ulezi nyuma ya nyumba ya shemeji.

"Na mimi mkono wangu umeshasahau jembe," aliniambia. "Unaweza au huwezi? Sema sasa hivi, nisije nikajidanganya."

"Mama, nipe Jumamosi asubuhi tu."

Ndivyo nilivyojibu. Kiburi kina sauti nzuri sana asubuhi.

Jumamosi saa mbili nikafungua boksi la kompyuta. Juu ya prosesa hukaa chuma cha kupoozea chenye feni, na kati yao hupakwa dawa nyeupe, sisi mafundi tunaiita pesti, inayopitisha joto. Bondeni pesti huwa laini kama siagi. Unalegeza skrubu, unanyanyua chuma, kinakuja chenyewe. Hapa nikalegeza skrubu, nikanyanyua, kikagoma. Mashine ilikuwa imelala kwenye baridi ya Chanji usiku kucha na ile pesti kuukuu ilikuwa imekauka kama saruji. Unadhani niliwaza? Nilikaza mkono nikavuta.

Kikatoka na mlio kama jino. Prosesa ya zamani ilikuwa imeng'oka pamoja nacho, imenasa chini yake, ilhali komeo lake kwenye bodi lilikuwa bado limefungwa. Upande wa chini prosesa ile ina mamia ya vijipini vya dhahabu, vyembamba kama ndevu za mahindi. Safu mbili zilikuwa zimelala. Na pini moja ya pembeni ilikuwa imekatika kabisa; niliona kishina chake kinang'aa.

Mama Yusta akauliza, "Ndivyo inavyolia?"

"Ndivyo, mama."

Sikuogopa sana. Ya zamani ya nini, mpya si ipo? Nikaiweka mpya, nikapaka pesti, nikafunga, nikabonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Nikafungua, nikafunga, nikapuliza. Cheusi. Ilipofika saa tano nikakaa chini nikakumbuka jambo nililopaswa kulikumbuka saa mbili. Hizi mashine za kiwandani zina programu ndogo ndani ya bodi, baiosi, ndiyo inayoiamsha mashine, na hiyo huzijua prosesa za wakati wake tu. Ukitaka ikubali ngeni, lazima uifanyie maboresho kwanza, na maboresho hayo unayafanya mashine ikiwa inawaka. Na mashine ingewaka kwa prosesa ipi? Ile ile ya zamani. Ile niliyoing'oa kama jino.

Sikumwambia. Nilimwambia tu inahitaji muda. Akanitazama kidogo, akachukua kapu akaenda sokoni kutafuta kitoweo cha kumpokelea shemeji. Akaniacha peke yangu na mlango wazi.

Nikajaribu kunyoosha pini kwa sindano. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Nikinyoosha moja nalaza mbili. Ile iliyokatika niliitafuta sakafuni kwa tochi ya simu nisiione, na hata ningeiona, nani anaunga kitu chembamba hivyo? Nilikuwa nimeshaanza kuangalia mkoba wangu kwa jicho la mtu anayetaka kukimbia. Nakwambia ukweli. Nilishawahi kukimbia kazi nyingine, na siku ile nilishapima umbali wa kutoka pale hadi stendi.

Ndipo yule bwana akaingia.

Sikusikia hatua. Nilinyanyua kichwa nikamkuta amesimama ndani ya mlango, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, sweta la kijivu, kofia ya sufu imevutwa hadi masikioni. Akainama kidogo, akakunja viganja, akapiga makofi ya heshima kama wanavyosalimiana watu wa huku. Viganja vilikutana, viliachana, vilikutana tena. Sikusikia kitu. Nikasema moyoni ni upepo, kwa maana upepo wa Ufipa kweli hubeba sauti. Nikaitikia, nikampa shikamoo.

Hakujibu shikamoo. Akaitazama prosesa mkononi mwangu.

"Umeivuta ikiwa baridi," akasema. "Ungeiwasha kwanza robo saa, ipate joto, ndipo uizungushe kidogo kidogo. Huku si bondeni."

Nikadhani ni fundi mwenzangu wa mjini. Kwamba amejuaje nimetoka bondeni, swali hilo lilinijia baadaye sana. Wakati ule nilichosikia ni msaada. Nikamwambia, "Mzee, nimeharibu. Saa tisa kuna mtu anakuja."

"Najua."

Akavuta kigoda cha Mama Yusta kando ya meza akaketi. Akavua kofia, akaikunjua ukingo, akatoa nusu ya wembe iliyokuwa imefichwa humo. Akachukua prosesa kwangu, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaanza kupitisha ule wembe kati ya safu za pini. Niamini, nimeona mafundi wengi. Sijaona mkono kama ule. Haukutetemeka, haukusita, ulikwenda na kurudi kama mtu anayechambua ulezi akiwa na mawazo mengine kichwani. Nilisogea karibu kutazama kwa sababu mimi kitu kipya hunivuta hata kikiwa kwenye kinywa cha mamba. Hapo nikagundua kuwa mimi natoa mvuke mdomoni kwa baridi iliyotanda chumbani, na yeye hatoi.

Alipomaliza akaninyooshea prosesa. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na bisibisi, nikanyoosha wa kushoto. Hakuiachia. Nikavuta kidogo, hakuiachia. Akawa ananitazama tu, bila hasira, kama mzee anayesubiri mtoto akumbuke adabu. Nikaona aibu. Nikaweka bisibisi chini, nikainuka, nikakunja magoti kidogo, nikakinga mikono miwili. Ndipo akaiweka humo. Ilikuwa ya moto. Mashine ilikuwa imezimwa saa nyingi, na kile kipande kilikuwa na joto la kitu kilichokuwa kikifanya kazi sasa hivi. Akapiga tena yale makofi yake yasiyolia.

Wakati huo huo Mama Yusta akaingia na kapu.

"Bado tu, fundi?" akasema, na kabla sijafungua mdomo kumtambulisha mgeni, akavuta khanga yake akaketi kwenye kigoda.

Kigoda kile kile. Na yule bwana hakuwa ameinuka.

Sina namna nzuri ya kukueleza. Niliwaona wote wawili mahali pamoja, kama unavyoona sura yako kwenye kioo cha dirisha na wakati huo huo unamwona mtu aliye nje. Uso wa mama na uso wa yule bwana, sweta la kijivu na khanga, mikono minne mapajani. Ilikuwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akabaki mama peke yake, anafuta vumbi miguuni.

"Una nini? Mbona umesimama na mikono hivyo kama unapokea komunyo?"

Kitu pekee nilichoweza kufanya ni kazi, basi nikafanya kazi. Nikaichomeka prosesa ya zamani, ikaingia bila kubishana. Nikawasha. Kioo kikaja. Nikafanya maboresho ya baiosi kwa faili nililolipakua kwa simu, nikiomba umeme usikatike, maana ukikatika katikati ya shughuli ile bodi nzima inakuwa kopo. Haukukatika. Nikaiacha ikawaka robo saa ikapata joto, nikazima, nikazungusha chuma kidogo kidogo, kikatoka kwa upole. Nikaweka mpya. Nilipowasha, ilifunguka kabla mama hajamaliza kuwasha jiko la mkaa.

Saa tisa Baba Festo akafika, mtu mrefu mwenye koti la mvua. Akasimama mlangoni.

"Huyu ndiye fundi wa bondeni? Nimesikia umefungua boksi la kaka yangu. Umekuta nini ndani, mayai?"

"Nimekuta vumbi, baba."

"Vumbi hata mimi nalitoa. Haya, tuonyeshe, macho tunayo."

Akaketi, akaamuru hiki, akaamuru kile. Mashine ikamjibu kabla hajakohoa. Vijana wawili walikuwa wameshapanga mstari nje. Alikula kitoweo chote, akasema chumvi imezidi, akaondoka. Chumba kilibaki kwa Mama Yusta.

Ingekuwa imeishia hapo, ningekuambia nilichoka, macho yalinidanganya. Lakini jioni nikifagia nikaiona ile pini. Ilikuwa chini ya mguu wa meza, kijipande cha dhahabu kisichofika urefu wa punje ya ulezi. Nikachukua prosesa ya zamani nikaigeuza kwenye taa. Pembeni, pale nilipoona kishina, palikuwa na pini nzima, imesimama. Hakukuwa na pengo popote. Pini yangu iliyokatika nilikuwa nayo kwenye kiganja cha pili. Niambie wewe, hiyo nyingine ilitoka wapi?

Nikamuuliza Mama Yusta, kama mtu anayepiga soga, ni fundi gani hapa mjini anayeweka wembe kwenye ukingo wa kofia.

Akaweka chini bakuli alilokuwa anaosha. "Nani amekwambia habari hiyo?"

"Nauliza tu."

"Alikuwa mume wangu, Baba Yusta, ndiye aliyekuwa akiitengeneza mashine hii. Nilimgombeza miaka kumi na mitano, utajikata kichwa, hasikii." Akafuta mikono kwenye khanga. "Kofia ile alizikwa nayo."

Basi ikabidi nimweleze. Hakupiga kelele. Alikwenda akafunga mlango, akarudi akakitazama kile kigoda, akakaa chini sakafuni.

Jumapili baada ya misa akamleta mama mkwe wake, Bibi mmoja mfupi aliyetoka kijijini kwa miguu sehemu ya njia. Aliponiona akacheka, akaniita mume wangu kama bibi wanavyoita vijana, akasema nimekonda, wanawake wa bondeni hawapiki? Nikamwambia wanapika, ila hawanipi. Tukacheka. Kisha akasema nimweleze, nami nikamweleza yote.

Akamgeukia mkwewe, wakazungumza Kifipa kwa muda mrefu. Mama Yusta akawa ananitafsiria, sauti inakuwa ndogo zaidi kila mara. Kwao, siku ya kumaliza msiba, vitu ambavyo marehemu alifanyia kazi hukabidhiwa mkono kwa mkono. Mzee anashika jembe, mrithi anakunja goti na kulipokea kwa mikono miwili, na tangu hapo marehemu hana deni na jembe hilo. Walikabidhi jembe, wakakabidhi shoka, baiskeli, hata redio. Kompyuta ilikuwa kwenye meza imefunikwa kitambaa, na wazee wakaihesabu pamoja na makochi na kabati. Nani angejua kwamba hiyo nayo ni jembe? Hakuna aliyeipokea. Kwa hiyo mwana wa Bibi, Baba Yusta, alikuwa bado yuko kazini.

Bibi akaniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili, "Alipokupa, ulipokea kwa mkono gani?"

Nikamwonyesha. Yote miwili. Nikakunja na goti, kama nilivyofanya.

Akanitazama hadi nikajuta kuzaliwa mdadisi. Kisha akasema, "Haya, mwanangu." Hajaniita mume wangu tena tangu siku ile.

Mwezi uliofuata niliaga. Nilikuwa nimeshaiona Sumbawanga, nilitaka Mpanda. Basi halijafika mbali simu ikaita, ni Mama Yusta: kioo cheusi, feni tu inazunguka. Nikateremka nikarudi, nikaweka kiganja juu ya boksi kabla hata ya kutoa bisibisi, ikawaka. Nikasema ni waya uliolegea. Nikabadilisha waya, nikabadilisha betri ya bodi, nikapima kila kitu kinachopimika, nikashika njia ya kuteremka Mtowisa. Kwenye miteremko, simu ikaita. Mara ya tatu nilijifanya mjanja. Nilimwita Bibi, nikamfundisha Yusta, binti wa mwenye duka, kila ninachokijua, kisha nikaichukua ile prosesa ya zamani nikamkabidhi Mama Yusta mbele ya watu, naye akaipokea kwa mikono miwili, kagoti kamekunjwa. Nikaondoka kwa furaha kuelekea njia ya Mbeya. Nilifika Laela tu, simu ikaita.

Nilimuuliza Bibi tumekosea wapi. Alijibu taratibu, kama anayemwambia mtoto kwamba mvua hunyesha kutoka juu.

"Hamkukosea. Ila jembe la mtu halirithiwi mwenyewe akiwa hai."

Kwa hiyo nipo, maana mwenyewe sasa ni mimi. Ningeweza kuzima simu na kwenda zangu, sijafungwa kamba. Lakini Baba Festo hupita mbele ya duka kila wiki, ananiangalia mimi kwanza, kisha mashine. Najua siku nikivuka Laela, Mama Yusta anarudi kwenye shamba la ulezi. Nimeshajua majina ya mbwa wote wa Chanji na watoto wao.

Wewe fundi unayesoma hapa, usiniambie habari za bahati mbaya. Ukiletewa chombo kikuukuu, kiwe kompyuta, cherehani au mashine ya kusaga, usikimbilie skrubu. Muulize aliyekileta: mwenyewe wa kwanza yuko wapi? Akisema amefariki, muulize ni nani alikipokea. Akisita kujibu, funga mkoba wako uende, ungali unaweza kwenda.